Mandari Penye Bwawa: Safari Mbili za Kabianga

Likizo ya Desemba inakaribia, na katika nyumba nyingi za mwambao swali ni lile lile: watoto tuwapeleke wapi? Ufuo wameuzoea. Wengine wana jamaa bara, wengine wana kijana aliyepata nafasi katika chuo cha mbali, na hamu ya kuona nchi ya milima na maji matamu huwaingia wakubwa kwa wadogo. Nami nina binti anayesoma Kabianga, katika kaunti ya Kericho. Tumekwenda kumtazama mara mbili. Mara ya kwanza tulikwenda tukidhani mandari ni mandari, popote pale. Mara ya pili tulikwenda tumejipanga. Tofauti ya safari hizo mbili ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Kutoka Mombasa hadi Kabianga si mwendo wa siku moja kwa aliye na watoto na mzee. Tulipanda treni Miritini asubuhi, tukalala Nairobi kwa jamaa, na siku ya pili tukashika barabara ya Nakuru. Kutoka Nairobi hadi mji wa Kericho ni takriban kilomita 260. Baada ya Nakuru barabara hupanda Mau, hewa ikawa nyepesi na baridi, kisha huteremka, na ghafla pande zote ni chai. Sijui nitaifananisha na nini kwa ambaye hakuiona. Ni kama zulia la kijani lililotandikwa juu ya vilima na kukatwa usawa mmoja kwa mkasi, nalo halina mwisho. Wachumaji wamo ndani yake hadi kiunoni, vikapu mgongoni, vidole vikichuma majani mawili na chipukizi. Mama mkwe wangu alitazama dirishani muda mrefu, kisha akasema, “Kumbe kikombe changu chatoka mbali hivi.” Nikamwambia kwamba sehemu kubwa ya chai hiyo hushuka hadi kwetu, ikauzwa katika mnada wa Mombasa na kupakiwa melini Kilindini. Tunaishi na chai maisha yetu yote na kwao hatujawahi kufika.

Kabianga yenyewe iko kusini-magharibi mwa mji wa Kericho. Ni mahali pa shule tangu zamani. Shule ya wavulana ya Kabianga ilianzishwa mwaka 1925, na chuo kikuu kilichokuwa tawi la Chuo Kikuu cha Moi kilipata hati yake cha peke yake mwaka 2013. Mashamba makubwa na vishamba vya wakulima wadogo hukutana mpaka kwa mpaka, ng'ombe hulishwa kandokando ya njia, na watu ni wakarimu. Ukimwambia mtu “chamgei” atakuitikia kwa uso wa furaha, na ukikaa kidogo utaletewa mursik, maziwa ya mala yaliyokaa ndani ya kibuyu kilichosafishwa kwa mkaa wa mti maalumu. Bibi yao watoto aliyapenda. Watoto walikunja nyuso.

Safari hiyo ya kwanza ilikuwa Agosti, mwaka juzi. Baada ya chakula cha mchana binti yetu alituambia kuna bwawa karibu, la kunyweshea mifugo na kumwagilia mboga, pazuri pa kukaa. Tukachukua mkeka, mahamri, viazi vya karai na chupa ya chai, tukaenda kwa miguu. Hatukumuuliza mtu, wala hatukutazama mbingu. Maji yalikuwa yametulia kama kioo, na majani ya ukingoni yalifika mpaka ndani.

Mwanangu wa kiume wakati huo alikuwa na miaka 13. Ni mtoto wa Mji wa Kale. Ameanza kuogelea chini ya Ngome akiwa na miaka saba, anajua maji ya bamvua na maji mafu, na mara nyingi nimemwona akipiga mbizi mahali ambapo mimi sithubutu kutazama. Kwa hivyo alipovua shati akasema, “Mama, naingia kidogo tu,” sikuona sababu ya kumkataza. Hatua ya kwanza maji yalimfika magotini, ya pili kifuani. Ya tatu haikukanyaga kitu.

Alipoibuka sikusikia kelele. Hilo ndilo ambalo bado hunijia usiku. Nilidhani mtu anayezama hupiga mayowe na kurusha mikono. Mwanangu alikuwa kimya, kinywa wazi usawa wa maji, macho yamekodoka. Baridi ilikuwa imemkata pumzi. Nami nikaingia kama nilivyo, na buibui langu. Kabla sijafika kiunoni nguo ilikwisha kunywa maji, ikanizinga miguuni, na tope likanishika viatu. Nikawa sisogei mbele wala nyuma.

Aliyemwokoa ni kijana mmoja mchunga ng'ombe, umri wake hauzidi miaka 16. Hakuruka majini. Alilala kifudifudi juu ya nyasi, akanyosha mti mrefu aliokuwa akichungia, akamwita mwanangu kwa sauti ya utulivu mpaka akaushika, akamvuta polepole. Kisha akanipa mimi mkono. Tulipokuwa tumekaa tunatetemeka, akaniambia kwa adabu, “Mama, bwawa halina ufuko.” Hakuongeza neno. Dakika chache baadaye mbingu zilifunguka, ikanyesha mvua ya mawe iliyotupiga migongo hadi tukafika chini ya paa la duka. Mahamri tuliyaacha kule kule.

Maneno ya kijana yule nimeyafikiri sana, na nimeona yana ilimu nzima ndani yake. Sisi watu wa pwani tumelelewa na ufuko. Mchanga wetu huteremka pole, unaweza kwenda hatua mia na maji yakawa bado kiunoni, na bahari ikijaa utaiona inakuja. Tumejifunza kwamba maji hutoa habari kabla ya kudhuru. Bwawa si hivyo. Bwawa ni bonde lililozibwa mdomo, maji yakapanda. Kabla ya ukuta kujengwa, pale palikuwa na mteremko wa kilima na mto chini yake, na mteremko huo haukwenda popote. Umefunikwa tu. Kwa hiyo anayetaka kujua chini ya maji pakoje, atazame kilima kilicho juu ya maji. Kikiteremka kwa ukali hadi ukingoni, basi huendelea kuteremka kwa ukali vile vile ndani. Na kina kikubwa kabisa huwa karibu na ukuta, mahali pale pale ambapo watu hupenda kusimama ili wapigwe picha.

Tena maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi. Bahari humbeba mwogeleaji, na mtoto aliyejifunza kuelea Mombasa hujikuta anakaa chini zaidi ndani ya bwawa, akalazimika kufanya kazi zaidi ili kichwa kibaki juu. Ongeza baridi ya nchi iliyo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ongeza tope na mizizi ya majani ya majini, na utaona kwa nini ustadi wa pwani hautoshi. Tusiwaambie watoto wetu kwamba hawajui kuogelea. Tuwaambie kwamba wanajua maji ya aina moja.

Mwaka uliofuata, Desemba, mwanangu mwenyewe ndiye aliyeomba turudi. Baba yake alisita. Mimi nikaona kwamba tukimwacha na hofu ile atakua nayo, na tukimpeleka bila mpango tutakuwa hatukujifunza kitu. Tukakaa kikao cha nyumbani, daftari mezani, bibi yao akiwa mwenyekiti.

Jambo la kwanza lilikuwa majira na saa. Kericho hupata mvua karibu mwaka mzima, na miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo yenye nafuu. Lakini hata wakati wa nafuu, asubuhi na alasiri ni nchi mbili tofauti. Ziwa Victoria liko magharibi yake, na jua likipanda, hewa yenye unyevu hutoka ziwani ikapanda milima, na mchana mawingu hujikusanya. Nchi hiyo hutajwa miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Tukaandika hivi: tuwe majini saa tatu asubuhi, tuwe tumekunja mkeka saa saba. Na ngurumo ya kwanza ikisikika, hata ya mbali, kila mtu aondoke kando ya maji na chini ya miti mirefu, aingie garini au ndani ya jengo.

Jambo la pili lilikuwa mahali na ruhusa. Binti yetu aliulizia wiki mbili kabla. Tukachagua bwawa la Chagaik, kiasi cha kilomita nane mashariki ya mji wa Kericho, karibu na barabara ya Nakuru. Si kubwa, lakini lina bustani ya miti ya zamani iliyopandwa katika miaka ya 1940 na mkulima wa chai aliyeitwa Tom Grumbley, na familia za Kericho hupenda kupumzika huko. Limo ndani ya nchi ya mashamba ya chai, kwa hivyo mgeni huomba ruhusa, haingii kama anaingia pwani ya wazi. Na hapa bibi yao aliongeza neno lililonifurahisha. Alisema, “Ulizeni kwa heshima, kwani ardhi ile ina machungu yake.” Ni kweli. Mashamba yale yalikatwa wakati wa ukoloni kutoka kwa Wakipsigis na jamaa zao wa ukoo wa Talai, na mwaka 1934 Watalai walihamishwa kwa sheria hadi Gwassi, kando ya Ziwa Victoria. Madai yao yangali hai hadi leo. Sisi wa mwambao, ambao kila familia ina kisa cha shamba na hati, hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hilo. Mgeni anayejua hatupi taka, hachumi chai ya watu kwa mchezo, wala hampigi picha mchumaji bila kumwomba.

Jambo la tatu lilikuwa zamu. Tulikubaliana kwamba wakati wowote mtoto akiwa karibu na maji, yuko mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kutazama tu. Hapiki, hapigi soga, simu yake iko mkobani. Zamu ni dakika 20, kisha anamkabidhi mwenzake kwa kutamka, “Nimekukabidhi watoto watano.” Idadi hutajwa. Katika mandari zetu huwa kuna watu wazima wanane na kila mmoja anadhani mwenzake anatazama. Watoto ni amana, na amana hukabidhiwa kwa mtu anayejulikana, haiachiwi umati.

Jambo la nne lilikuwa vifaa. Tulichukua kamba ya mita 15 na mtungi mtupu wa plastiki uliozibwa vizuri. Ukifungwa kamba huwa boya la kumtupia aliyezidiwa. Tulichukua jaketi la kuelea kwa kila mtoto aliye chini ya miaka 10, masweta, makoti ya mvua, na nguo kavu ndani ya mfuko usiopenya maji. Akina mama tulivaa suruali pana na kanzu fupi chini ya mabuibui, ili likitokea la kutokea buibui livuliwe mara moja na sitara ibaki. Na tulikariri alichotufundisha mchunga ng'ombe: usimfuate anayezama. Lala chini, nyosha mti, au tupa kamba. Dada yangu alikwenda mbele zaidi, akajifunza huduma ya kwanza kwa Msalaba Mwekundu, kwani aliyetolewa majini bila pumzi huhitaji kupuliziwa pumzi pale pale, kabla ya gari kutafutwa.

Jambo la tano lilikuwa ibada na chakula, ambavyo msafiri akivipanga hupata raha. Kutoka Mombasa, kibla ni kaskazini takriban moja kwa moja. Kericho, kwa kuwa iko magharibi zaidi, huelekea kaskazini na kupinda kiasi cha nyuzi 11 upande wa mashariki. Jua nalo huchwa kule kama robo saa baada ya kwetu, kwa hivyo ratiba ya swala ya nyumbani haifai kule. Safari yetu ilikuwa ya siku tatu, tukapunguza swala na kuzikusanya, na Adhuhuri na Alasiri tuliziswali pamoja kabla mvua haijaanza. Nyama tulinunua mjini kwa mchinjaji Mwislamu aliyeelekezwa na binti yetu, na siku ya bwawa tulibeba chakula kisichohitaji moto: sambusa, mkate wa sinia, tende, ndizi na chai.

Siku yenyewe ilikuwa ya baraka. Tulifika asubuhi, ukungu ukiwa bado unatambaa juu ya maji. Sehemu kubwa ya bwawa ilikuwa imefunikwa na mayungiyungi, majani mapana yamelala juu ya maji na maua kati yake. Juu ya miti walikuwako mbega, weusi kwa weupe, mikia kama mapazia. Bibi yao alitandikiwa mkeka mbali na ukingo, akaegemezwa mto, akavuta uradi wake. Hakuna aliyeogelea siku ile, wala hatukuwa tumekusudia hivyo. Tulikwenda kutazama, kula na kutembea chini ya miti, na watoto hawakulalamika hata mmoja. Nimeona kwamba mtoto akiambiwa mpango mapema, kabla ya kuyaona maji, hukubali. Akikatazwa akiwa tayari amevua shati, huona amedhulumiwa.

Wakati wa zamu yangu, mwanangu alikuja akasimama kando yangu. Alikitazama kilima kilichokuwa mbele yetu, akafuata kwa kidole mteremko wake hadi majini, na kidole kikaendelea kushuka. “Mama,” akasema, “pale kina kinaanza karibu sana.” Kisha akamshika mkono mdogo wake, akamrudisha nyuma hatua mbili. Sikusema kitu. Nilihisi nimelipwa gharama yote ya safari.

Alasiri kabla ya kuondoka Kabianga tulimtafuta yule kijana mchunga ng'ombe. Tulimpelekea haluwa ya Mombasa na kofia ya mkono aliyoshona mama mkwe wangu. Alicheka kwa haya, akaionja haluwa, akauliza kama bahari kweli ni chumvi yote. Mwanangu akamwalika aje aone mwenyewe. “Nitakufundisha mawimbi,” alimwambia, “kama ulivyonifundisha bwawa.”

Kwa wale ambao Kericho ni mbali, liko bwawa kubwa zaidi kwa mbali, Masinga, juu ya mto Tana. Lilikamilika mwaka 1981, na likijaa hutanda kilomita za mraba zipatazo 120, ziwa kamili machoni. Yote niliyosema yanalihusu, tena kwa uzito zaidi. Kule kuna viboko na mamba, kwa hivyo ukingo si mahali pa kuogea miguu wala pa kutawadha. Maji ya udhu yachukuliwe mtungini. Upepo ukivuma juu ya maji mapana kama yale, mawimbi huinuka haraka, na chombo kisicho na jaketi kwa kila abiria kisipandwe hata kama nahodha ni ndugu. Pia katika maji matamu yaliyotulia ya nchi za joto huwamo konokono wa kichocho, na mtoto aliyechezea maji hayo apelekwe kupimwa.

Tena ukuta wa bwawa si jukwaa la kuchezea. Wengi mnakumbuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018, huko Solai, Nakuru, bwawa la shamba lilipopasuka wakati wa mvua nyingi na kuondoka na watu wasiopungua 47, wengi wao wakiwa majumbani mwao. Katika masika msitandike mkeka chini ya ukuta wa bwawa lolote, hata likiwa dogo na zuri vipi.

Siandiki haya ili kuwatia watu hofu wakae majumbani. Mola ametupa nchi pana, na kuitembea na kuitafakari ni neema. Mito ya Kericho huteremka magharibi hadi Ziwa Victoria, ikaingia Nile na kufika Misri, ilhali majani ya chai yaliyonyweshwa mvua ile ile huja mashariki mpaka kwenye vikombe vyetu. Mtoto aliyeona mahali njia hizo mbili zinapoachana amejifunza jografia ambayo hataisahau.

Basi kabla ya kufunga mizigo Desemba hii, kaeni kikao. Ulizeni mahali, ulizeni saa, gawaneni zamu, fungeni kamba kwenye mtungi, kisha tawakalini. Na mkifika penye maji, kabla ya kutandika mkeka, simameni na watoto mkitazame kilima.